KUTOKA KUKANDA MISULI HADI KITI CHA PROFESA
Historia fupi ya taaluma ya fiziotherapia

Mhariri wa jarida hili aliponiandikia akitaka makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, nadhani alitazamia habari za mabweni ya zamani, za kengele ya alfajiri na za timu yetu ya mpira. Habari hizo wako wenzangu watakaozieleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimechagua historia ya taaluma moja ambayo, katika miaka yangu yote hapa shuleni, sikupata kuisikia ikitajwa tulipokuwa tukishauriwa juu ya kuchagua kazi. Tuliambiwa habari za udaktari, uhandisi, sheria na ualimu. Hatukuambiwa ya kuwa wako watu ambao kazi yao ni kumwinua mgonjwa baada ya daktari kumwokoa, wala kwamba kazi hiyo ina vitabu vyake, ubishi wake na maprofesa wake.

Taaluma hiyo ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa mikono na kwa vifaa. Sehemu yake nitakayoieleza zaidi ni utafiti wa utengamao, yaani namna ya kumrudishia uwezo mtu mwenye maradhi ya muda mrefu kama vile kiharusi na maradhi ya mapafu. Mimi si mganga. Nilisoma historia chuo kikuu, na sasa ni mtumishi wa serikali ambaye siku zake hupita katikati ya majalada. Lakini historia ya jambo hili inatugusa sote, na wanafunzi waliopo sasa shuleni wanaweza kuiendeleza.

WANAWAKE WANNE WA LONDON

Kukanda viungo ni kazi ya kale. Pwani na bara, ni vijiji vichache visivyokuwa na mama au mzee ajuaye kukanda mguu ulioteguka. Huko Ulaya nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1813 Msweden Per Henrik Ling alianzisha mjini Stockholm chuo cha mazoezi ya viungo, na mazoezi yake ya tiba yakaenea katika nchi nyingi.

Lakini hatua ya kuifanya kazi hii kuwa taaluma yenye chama na mitihani ilichochewa na aibu. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapa habari kwamba baadhi ya nyumba za kukandia watu mjini London zilikuwa madanguro. Wanawake wanne wa fani ya uuguzi na ukunga, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Annie Manley na Margaret Palmer, waliona ya kuwa kazi yao ya halali itachafuliwa. Mwaka huo huo wakaunda chama cha wakandaji waliofundishwa, na muda mfupi baadaye kikaanza kutoa mitihani.

Masharti ya chama yanafaa kukumbukwa. Mwanachama asimkande mtu yeyote bila agizo la daktari. Asimkande mwanamume, isipokuwa kwa dharura na kwa ombi maalum la daktari. Asijitangaze magazetini, isipokuwa katika magazeti ya kitabibu. Asiwauzie wagonjwa dawa.

Kwa masharti hayo wanawake wale walinunua heshima, na heshima hiyo ilikuja: mwaka 1920 chama kilipata hati ya kifalme, na mwaka 1944 kikachukua jina la fiziotherapia. Hata hivyo bei yake haikuwa ndogo. Anayefanya kazi kwa agizo la mwingine halazimiki kuuliza kama agizo lenyewe linafaa. Kwa muda mrefu mtaalamu wa viungo alipokea karatasi ya daktari, akafanya yaliyoandikwa, akamaliza. Huko Uingereza ni mwaka 1977 tu ambapo serikali ilikubali rasmi ya kuwa mtaalamu huyu aweza kuamua mwenyewe aina na kadiri ya tiba anayoitoa. Mwenye kuamua ndiye anayeulizwa: umejuaje ya kuwa tiba hii inafaa? Utafiti wa taaluma yoyote huanza na swali hilo.

VITA, POLIO, KISHA MARADHI YASIYOISHA

Vita kuu mbili za dunia ziliongeza sana haja ya kazi hii, kwa kuwa majeruhi walikuwa wengi mno. Baadaye likaja janga la polio. Muuguzi wa Australia, Elizabeth Kenny, alibishana na madaktari waliofunga viungo vya watoto kwa vyuma na plasta visitikisike. Yeye alivifunika kwa vitambaa vya moto, kisha akavizoeza. Mwaka 1940 alikwenda Marekani, na mwaka 1942 taasisi yenye jina lake ilifunguliwa mjini Minneapolis. Maelezo yake kuhusu chanzo cha ugonjwa hayakuwa sahihi, lakini katika kuviacha viungo vitembee alikuwa amewatangulia wakubwa wake.

Mwaka 1951 vyama vya nchi 11 vilikutana Copenhagen na kuunda shirikisho la dunia. Kutoka bara letu ilikuwamo nchi moja tu, Afrika Kusini. Mwaka 1955 chanjo ya polio ilianza kutumika, na katika nchi tajiri wodi za polio zikaanza kupungua watu.

Hapo taaluma ilikutana na wagonjwa wa aina nyingine. Mguu uliovunjika una siku yake ya kupona. Kiharusi hakina siku hiyo, wala mapafu yaliyochakaa, wala baridi yabisi. Watu walikuwa wakiishi miaka mingi zaidi, na wakiishi na maradhi. Kwa wagonjwa wa namna hiyo haitoshi kuuliza, "Je, amepona?" Huna budi kuuliza, "Anaweza kufanya nini leo ambacho mwezi uliopita hakukiweza?" Na ili kulijibu swali hilo ilibidi kutafuta kipimo.

KIPIMO CHA MAMBO KUMI

Mwaka 1965, huko Maryland nchini Marekani, daktari Florence Mahoney na mtaalamu wa viungo Dorothea Barthel walichapa kipimo ambacho mpaka leo kinatumika duniani kote. Hakihitaji mashine. Kinauliza mambo kumi: kula, kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, kunawa uso na kuchana nywele, kwenda chooni, kuoga, kutembea mahali tambarare, kupanda ngazi, kuvaa nguo, kuzuia choo kikubwa na kuzuia mkojo. Alama zote ni 100. Kutembea bila msaada yadi 50 kuna alama 15. Kuoga mwenyewe kuna alama 5.

Mtu anaweza kucheka akisema huu nao ni usomi gani. Lakini kabla ya kipimo kama hiki, mgonjwa alisemekana "ana nafuu" au "hana nafuu" kwa kadiri ya moyo wa anayemtazama. Baada yake, mtaalamu wa Dar es Salaam na wa Maryland wakisema alama 60 wanasema jambo moja.

Au karibu moja. Kipimo kile kilitungwa kwa nyumba za Marekani. Katika nyumba nyingi za kwetu hakuna ngazi ya kupanda, choo ni cha kuchuchumaa, na maji ya kuoga huchotwa kwa ndoo. Mzee aliyepata alama zote za choo kwenye hospitali yenye choo cha kukalia aweza kurudi kijijini akashindwa kabisa. Kazi ya kurekebisha vipimo vya namna hii na kuviweka katika Kiswahili ambacho bibi asiyejua kusoma atakielewa ni utafiti kamili, tena hauwezi kufanywa vema na mtu asiyeijua lugha na maisha ya hapa.

UBISHI WA KIHARUSI

Kwa miaka mingi tiba ya kiharusi iliongozwa na mafundisho ya Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi aliyezaliwa Berlin na kukimbilia London mwaka 1938. Yeye alifundisha kwamba mkono na mguu uliokakamaa kwanza ulegezwe kwa mikono ya mtaalamu, na mgonjwa asijikaze kupita kiasi kabla mwendo wake haujawa sawa. Wanafunzi wake walienea duniani.

Mwaka 1982 wataalamu wawili wa Sydney, Janet Carr na Roberta Shepherd, walitoa kitabu chenye hoja tofauti. Mgonjwa wa kiharusi, walisema, ni mwanafunzi. Anajifunza upya kazi aliyokwisha kuijua. Basi kama unataka ainuke kitini, mzoeze kuinuka kitini. Kama unataka ashike kikombe, mpe kikombe. Na ajifunze kwa kurudia mara nyingi, kama mtoto ajifunzavyo kuandika herufi.

Mafundisho hayo niliyaona kwa macho kabla ya kujua yametoka wapi. Marehemu baba yangu alipopata kiharusi, mtaalamu wa viungo wa hospitali alituelekeza tuweke matofali chini ya miguu ya kiti chake ili kiwe kirefu. Akamwambia mzee ainuke mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Kila alipoizoea kazi tuliondoa tofali moja kutoka kila mguu wa kiti. Siku tulipoondoa matofali ya mwisho, mzee aliinuka, akasimama, akadai bakora yake. Aliishi miaka saba baada ya hapo, na miaka hiyo yote alikwenda msikitini kwa miguu yake.

Katika mambo ya sayansi, hata hivyo, habari ya mzee mmoja haitoshi. Ilibidi wagonjwa wengi wagawanywe kwa kura, kundi moja litibiwe hivi na jingine vile, na mpimaji asijue nani yuko kundi gani. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Alex Pollock, mtaalamu wa viungo wa Glasgow, walikusanya tafiti 96 zenye washiriki 10,401. Walikuta ya kuwa mazoezi yanamsaidia mgonjwa wa kiharusi kurudisha uwezo wake, bali hakuna shule moja ya mafundisho iliyothibitika kuwashinda wenzake. Matokeo hayo hayakumpa ushindi yeyote kati ya waliokuwa wakigombea majina ya walimu wao.

UTAFITI ULIOMPINGA MWENYEWE

Kisa ninachopenda wanafunzi wakikumbuke kuliko vyote ni cha Julie Bernhardt, mtaalamu wa viungo wa Melbourne aliyekuja kuwa profesa. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapa matokeo ya kuwatazama wagonjwa wa kiharusi mchana kutwa wodini. Walikuta ya kuwa zaidi ya nusu ya muda wagonjwa wamelala kitandani, na asilimia 60 ya muda wako peke yao.

Akaona ni jambo la wazi kwamba wakiinuliwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi watapona vizuri zaidi. Angeweza kuliandika wazo hilo katika kitabu cha mafundisho, nasi tungelisadiki. Badala yake alilipeleka kwenye mtihani. Utafiti wake ulianza mwaka 2006 na kuandikisha wagonjwa mpaka mwaka 2014: wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano. Nusu yao, kwa kura, waliinuliwa ndani ya saa 24 tangu kiharusi kuanza, wakazidishiwa mazoezi ya nje ya kitanda kila siku. Nusu nyingine walipata huduma ya kawaida.

Matokeo yalitoka mwaka 2015 katika jarida la Lancet. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na hali nzuri katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Katika kundi lililoharakishwa, asilimia 46. Wazo la profesa lilikuwa limeshindwa na utafiti wa profesa mwenyewe, naye akalitangaza mbele ya dunia nzima. Tena hakuishia hapo. Alirudi kwenye hesabu zake, na mwaka 2016 yeye na wenzake wakaonyesha ya kuwa vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi vilikwenda pamoja na nafuu, lakini vipindi virefu mno katika siku za mwanzo havikuwa na heri. Haraka haraka haina baraka, wazee wetu walisema; kuna faida kuijua haraka hiyo kwa dakika na kwa siku.

Ili kazi kama hizi zisipotee makabatini, mwaka 1999 wataalamu wa viungo wa Sydney walianzisha hazina iitwayo PEDro, inayokusanya tafiti za fani yao na kuzipa alama kwa ubora. Mtu yeyote aweza kuisoma bila malipo. Leo ina makumi ya maelfu ya tafiti, na mtaalamu wa hospitali ya wilaya anaisoma sawasawa na profesa wa Ulaya.

USHOROBA WA MITA 30

Kwa mapafu, historia ni ya namna hiyo hiyo. Zamani mgonjwa aliyeishiwa pumzi aliambiwa apumzike. Lakini anayepumzika sana misuli yake hudhoofika, na misuli dhaifu huhitaji hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Basi huzidi kuishiwa pumzi, naye huzidi kupumzika. Utengamao wa mapafu ulikuja kuukata mzunguko huo kwa mazoezi yanayosimamiwa.

Kipimo chake kikubwa ni rahisi ajabu. Mwaka 1976 watafiti wa Uingereza waliwapima wagonjwa kwa umbali wanaotembea katika dakika 12. Mwaka 1982 ikaonekana dakika 6 zinatosha. Unahitaji ushoroba wa mita 30, saa, na kitu cha kuonyesha mwisho wa njia. Kufikia mwaka 2015 tafiti 65 za ugonjwa wa kuziba njia za hewa, zenye washiriki 3,822, zilikwisha kuonyesha faida kubwa hata ikasemwa hakuna haja ya kulithibitisha tena jambo hilo.

Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa wale walikuwa wa nchi tajiri, na mapafu yao yaliharibiwa hasa na sigara. Kwetu wako wengi waliopona kifua kikuu, vidudu vikaisha mwilini, makovu yakabaki kifuani. Mwaka 2017 ulichapwa utafiti wa Kampala uliowapa watu wa aina hiyo mazoezi kwa wiki 6. Waliweza kutembea mbali zaidi, na hali ya maisha yao ikawa bora. Haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haukumaliza swali. Lakini ulilifungua hapa kwetu, kwa wagonjwa wetu.

SISI TUKO WAPI?

Tanzania haikuanza jana. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971 na ikawa makao ya mafunzo ya fiziotherapia; mwaka 1981 kikaanzishwa hapo chuo cha mafundi wa viungo bandia kinachopokea wanafunzi wa nchi nyingi. Waliotaka kuendelea hadi uzamili na uzamivu, wengi kutoka Tanzania, Kenya na Rwanda, walikwenda Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Hapo mtaalamu wa viungo, Profesa José Frantz, alipanda hata akawa naibu mkuu wa chuo anayesimamia utafiti. Basi asikwambie mtu ya kuwa njia hii inaishia kwenye chumba cha mazoezi.

Na kazi ipo. Kati ya mwaka 2003 na 2006 utafiti uliofanywa wilaya ya Hai na katika jiji la Dar es Salaam ulihesabu viharusi 636 katika maeneo yaliyochaguliwa. Baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na viharusi 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Hai 109. Kwa dunia nzima, hesabu iliyochapwa mwaka 2020 ilionyesha ya kuwa mwaka 2019 watu bilioni 2.41 walikuwa na hali ambayo utengamao ungeweza kuisaidia. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuziimarisha huduma hizo.

Azimio ni karatasi. Mimi nafanya kazi na karatasi, na nawajua tabia zake. Ombi la nafasi za kazi au la fedha likija mezani likiwa na hesabu za hapa nchini, hujadiliwa. Likija na huruma peke yake, husifiwa, kisha huwekwa kando. Hesabu za Hai zinasikilizwa kwa sababu watu walitembea nyumba kwa nyumba kuzitafuta. Lakini ni mazoezi gani yamfaayo mgonjwa anayekaa kilomita 40 kutoka hospitali? Je, mjukuu wa darasa la sita aweza kufundishwa kumsimamia bibi yake? Mkulima aliyepooza mkono wa kulia afundishweje kushika jembe kwa wa kushoto? Maswali hayo hayatajibiwa Sydney wala Glasgow.

Kwa hiyo, ninyi mnaoketi sasa katika madarasa tuliyoketi sisi, yatazameni masomo yenu kwa jicho hili. Wenzo mnaofundishwa katika fizikia ni kiwiko na goti. Misuli na neva ziko katika biolojia. Kura, wastani na asilimia ziko katika hisabati, na bila hizo hakuna utafiti. Kiswahili nacho msikidharau, kwa maana mgonjwa asiyekuelewa hawezi kujifunza kwako.

Nasi wakubwa tulio katika chama tunaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama kubwa. Siku ya kuwashauri wanafunzi juu ya kazi, pamoja na daktari na mhandisi, tumwalike pia mtaalamu wa viungo. Aje na kipimo chake cha mambo kumi, awapimishe mwendo wa dakika 6 katika ushoroba wa bweni, ambao nimeupima kwa hatua zangu na naamini unatosha.